Chumba Kisichopumua

Mkinikuta barazani kwa mtu nimeinua shingo natazama mapenu ya paa lake kabla sijaitikia salamu, msiseme mzee ameanza kuchanganyikiwa. Akili zangu zimetulia kuliko silingi zenu. Natazama pale paa linapotokeza nje ya ukuta, chini yake kabisa, nione kama fundi aliacha njia ya hewa au aliziba kila kitu akaondoka zake akipiga mluzi. Nikiona ameziba, hata chai hainishuki. Wenye nyumba hunishangaa, na marehemu mke wangu alikuwa akinikanyaga mguu chini ya meza ili nitazame watu. Lakini nina sababu yangu, na kwa kuwa siku hizi mnashika nyundo kwa mkono mmoja na simu kwa mkono mwingine, kaeni chini niwaeleze.

Nilikuwa fundi wa mapaa wakati wa Mwingereza, hapa hapa Bukoba, miaka ile kahawa iliposhika bei na kila mwenye kibanja, shamba la migomba na kahawa, akataka bati. Wazee wetu walilala kwenye msonge, ile nyumba ya nyasi kutoka kileleni mpaka chini, na katikati yake moto haukuzimwa. Bati likaja na heshima zake. Mtu akiezeka bati, majirani walimsalimu kwa sauti nyingine, hata kama ndani alikuwa analalia mkeka ule ule. Tukaivunja misonge kama vile tuligombana nayo. Hakuna aliyejiuliza msonge ulikuwa unafanya kazi gani nyingine mbali na kutuaibisha mbele ya wageni.

Ufundi nilifundishwa na Fundi Rajabu wa mtaa wa Bakoba. Baba yake alikuja na misafara kutoka pwani, mama yake Mhaya wa hapa, na yeye mwenyewe alikuwa mtu wa msikitini, mpole, mwenye kuongea kama anayelipia maneno. Mimi Mlutheri wa Nshambya, mdomo wangu haukujua kufunga, ndiyo maana tulielewana. Aliniambia msumari wa bati hupigwa juu ya mgongo wa wimbi, kamwe si bondeni, kwa sababu maji hupita bondeni. Siku moja tulimkuta fundi mwingine amepiga bondeni paa zima. Rajabu hakumsema kitu. Alimwomba tu akae ndani mvua inyeshe, akamletea na kiti.

Jambo jingine alilonifundisha ni moshi. Alikuwa na kopo kuukuu analitembeza kwenye baiskeli yake. Akimaliza paa, hujaza kopo majani makavu ya mgomba yaliyopata unyevu kidogo, huyawasha, huliweka katikati ya chumba, hufunga mlango, kisha hutoka nje kusimama chini ya mapenu na kungoja. Moshi ukitoka polepole pande zote, amemaliza kazi. Usipotoka, hupanda tena ngazi bila kumwambia mtu. Mimi nilimcheka. Nilimwambia watu watadhani tunachoma nyumba ya mteja kabla hajatulipa. Akasema hewa ni mgeni wa ajabu, haingii mahali ambapo haijaona pa kutokea.

Sasa ngoja niwape moja la kucheka kabla sijafika kwenye lenyewe. Kulikuwa na bwana mmoja wa jirani zetu Nshambya, popo walimsumbua. Akanunua saruji, akaziba mapenu yote kwa mkono wake mchana kweupe, akajisifu kwamba hakuhitaji fundi. Mchana. Popo mchana wako wapi? Wamelala darini. Akawaziba humo humo. Kwa wiki nzima nyumba ile ilipiga kelele kama ina shule ndani, na baada ya kelele ikaja harufu, na baada ya harufu bwana yule akahamia kwa shemeji yake. Tulipofungua, Rajabu alijifunga kitambaa puani, akasema ziba ufa, sawa, lakini kwanza jua nani anautumia.

Basi. Likaja la Kamachumu.

Tuliitwa kijijini huko na kijana mmoja anaitwa Elia, mkulima wa kahawa, Mlutheri mwenzangu. Alikuwa ameongeza chumba ubavuni mwa nyumba yake ya bati, chumba kizuri, sakafu ya saruji, plasta, silingi ya mbao zilizopigwa randa, mlango wa mvule mzito wenye komeo la chuma lililong'aa kama sahani ya Krismasi. Alikijenga kwa ajili ya mkewe, Damari. Damari alikuwa mjamzito, amekaribia kabisa. Mimba yake ya kwanza ilikuwa imeharibika, na ukoo mzima ulikuwa unamtazama tumbo kama watu wanaotazama wingu wakati wa kiangazi. Kwetu, mzazi alikuwa anafungiwa ndani na mtoto wake, anakandwa, anapikiwa, na moto haukosekani karibu yake usiku na mchana. Elia alitaka mkewe azalie pale na akae pale, kwenye saruji, si kwenye msonge wa zamani uliobaki nyuma ya nyumba kama jiko.

Shida aliyotuitia ilikuwa kwamba paa jipya linavuja. Kila asubuhi silingi ilikuwa imelowa, na kwenye kona ukungu mweusi ulishaanza. Nilipanda, nikakagua kila msumari, nikakagua pale bati linapokutana na ukuta wa nyumba kubwa. Hapakuwa na tundu hata la kupitisha sindano. Rajabu alipenyeza mkono chini ya bati, akautoa umelowa, akanipangusia shavuni.

"Halivuji," akasema. "Linatoka jasho."

Fundi aliyetangulia alikuwa ameziba mapenu yote kwa tofali na udongo, kutoka kwenye mtambaapanya, ile boriti ya juu ya ukuta, mpaka kwenye bati. Dirisha nalo lilikuwa bado. Kioo hakijafika kutoka mjini, kwa hiyo amepigilia mbao nene kwa ndani. Pumzi za watu na mvuke wa maji zilipanda, zikakuta bati la baridi, zikageuka matone. Dawa yake ni hii, na mniandikie vichwani mwenu. Upande wa chini, unatoa tofali kila baada ya boriti, unaweka wavu wa waya kuzuia popo na nyoka. Lakini kile kilikuwa chumba cha nyongeza, paa lake limeegemea ukuta wa nyumba kubwa na linashuka upande mmoja tu, na hapo ndipo mafundi wengi hukosea. Wanafungua chini wanasahau juu. Ni lazima ulegeze mabati ya juu, uyainue kidogo kwa vipande vya mbao pale yanapofika ukutani, uyafunike na bati la kukinga mvua, ili hewa iliyoingia chini itokee juu. Na katikati ya silingi unakata dirisha dogo lenye wavu, chumba nacho kipate kupumua kupitia dari. Elia alielewa, akasema fanyeni.

Aliyekataa ni mama yake.

Ma Eunike alikuwa mwanamke mrefu, amenyooka, anakutazama kana kwamba ulishawahi kumwibia ndizi. Aliuliza matundu yale ni ya nini. Tukamwambia ni ya hewa. Akasema hewa ndiyo upepo, na upepo ndio unaoua wazazi. Kwamba yeye alizaa watoto na hakuna hata mmoja aliyepigwa na upepo, na haiwezekani mjukuu aliyengojewa namna ile aje kupozwa kama chungu cha uji. Nilitaka kumjibu. Rajabu akanikanyaga, naona watu wote walionipenda walinipenda kwa kunikanyaga. Tukafungua tofali za chini siku ile, tukakata na dirisha la silingi, tukaenda kulala kwa jirani.

Asubuhi tukakuta kila tundu limesindiliwa majani makavu ya mgomba, yamebanwa barabara, kazi ya mtu anayejua kuziba. Na kwa ndani, dirisha la silingi limetundikiwa gunia la kahawa. Rajabu akayatoa majani yote, akayapanga chini kwa heshima. Tulipokwenda kula, tukarudi tukakuta yamerudishwa. Akayatoa tena. Mimi nikacheka, kisha nikaacha kucheka, maana Ma Eunike alikuwa amesimama mgombani anatutazama, na hakuwa anacheza. Elia alikwenda akazungumza naye kwa Kihaya, kwa sauti ya chini, mikono nyuma. Akarudi ameinamisha kichwa. Alituomba tuendelee na mabati ya juu kwanza, mambo ya chini atayamaliza na mama yake taratibu. Mama ni mama, alisema, na kweli, la mkuu halivunjwi. Tukapanda. Tukatoa misumari ya safu yote ya juu, tukainua mabati, tukaegesha mbao. Kabla hatujapiga misumari mipya, mvua ya Kamachumu ikashuka, ile isiyoomba ruhusa, na ngurumo zake. Nikaweka mawe juu ya mabati yasiruke, tukakimbilia kwenye banda la kahawa la jirani.

Ikanyesha kwa muda mrefu. Tulikaa juu ya magunia tunatafuna kahawa, mimi nikisimulia uongo na Rajabu akinisamehe. Ilipopungua tukarudi, na tukamkuta Elia amekaa kwenye kigogo karibu na mlango wa chumba kile, ameloa, anacheka na kutetemeka kwa pamoja. Uchungu ulikuwa umemshika Damari wakati wa ngurumo. Yuko ndani na Ma Eunike na Ma Salome, mdogo wake Ma Eunike, ndiye mkunga wa pale. Mlango umefungwa kwa komeo kwa ndani, kama inavyotakiwa, mwanamume asije akajisahau akaingia. Nikampongeza. Rajabu hakumpongeza. Alikuwa anatazama mapenu. Majani yalikuwa yamerudishwa yote, na safari hii yamekandikwa na udongo juu yake.

Hapo komeo likalia, mlango ukafunguka kidogo, Ma Eunike akatoka, na komeo likarudishwa nyuma yake. Alikuwa anafuata dawa ya majani kwenye msonge. Hakufika. Alitembea kama mtu aliyekunywa lubisi, pombe ya ndizi, ya siku tatu, akashika ukuta, akakaa chini kwenye tope na kanga yake safi, akatapika. Elia akamkimbilia. Mama akamsukuma mkono, akasema ni harufu ya saruji tu, kichwa kinamgonga, hata Salome analalamika, miguu haina nguvu. Akasema Damari amelala kidogo, uchungu umempumzisha.

Rajabu alichuchumaa mbele yake, mbali kidogo, kwa adabu, akamuuliza ndani kuna moto gani. Akamjibu ni makaa. Chungu kizima, wamewasha tangu mvua ilipoanza, hayana moshi, wameyachagua mazuri. Nikaona rangi ya Rajabu inabadilika. Mimi sikuelewa bado. Baadaye ndipo alinieleza kwamba mjini aliwahi kuitwa kufungua mlango wa ghala, mlinzi aliingia na jiko la mkaa akajifungia kwa sababu ya baridi. Walimkuta amelala vizuri kabisa, amejifunika blanketi, amekufa.

Alimwambia Ma Eunike mlango ufunguliwe sasa hivi. Ma Eunike akainua kichwa. Pamoja na udhaifu wake bado alikuwa na nguvu ya kumdharau mtu. Akasema haijatokea Mswahili wa mjini kuamuru mlango wa mzazi ufunguliwe. Elia alisimama katikati yao, anamtazama huyu, anamtazama huyu, na naapa nilimwonea huruma na nikatamani kumpiga kofi, yote mawili. Rajabu hakupandisha sauti.

"Mama," akasema, "kule kwenye msonge, moshi wa moto wako ulikuwa unatokea wapi?"

"Kwenye nyasi. Paa zima."

"Na huu wa humu?"

Ma Eunike akatazama juu. Akayatazama majani aliyoyasindilia kwa mikono yake mwenyewe, na udongo juu yake ambao ulikuwa haujakauka. Aliinuka akishika ukuta, akaenda mlangoni, akagonga kwa vidole, namna wanawake wanavyogongeana.

"Salome."

Mvua inadondoka kwenye migomba.

"Salome, fungua."

Kimya. Akagonga kwa kiganja. Akamwita Damari. Kimya. Hapo ndipo nilipoelewa. Elia aliuvamia ule mlango kwa bega. Mvule, vijana wangu, si ubao wa mchezo, ulimrudisha. Akauvamia tena. Dirisha nalo lilikuwa limepigiliwa mbao zile nene, hakuna hata ufa wa kutia nyundo. Chumba kilikuwa kimejengwa vizuri mno. Wahenga wametuachia usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini hawakutuachia neno kuhusu mtu aliyeziba nyufa zote.

Rajabu akanivuta mpaka kwenye ngazi. Alikuwa na mke na watoto Bakoba, na pale Kamachumu hakuwa na ndugu hata mmoja. Mgeni akibomoa paa juu ya mzazi na mzazi akafa, hakuna atakayeuliza habari za makaa. Alijua hivyo, na alitaka na mimi nijue.

"Tusipofungua watakufa," akaniambia. "Tukifungua wakafa, sisi ndio tumewaua. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Fundi."

"Haya, panda. Mimi nimeshika ngazi."

Nilipanda bati likiwa limelowa, nikateleza, nikachanika goti, nikatambaa mpaka juu. Na hapa Mungu alikuwa na sisi, kwa sababu yale mabati ya juu hayakuwa na msumari. Kama tungekuwa tumemaliza kazi siku ile, ningekaa pale juu kung'oa msumari mmoja mmoja, na hadithi hii ningewasimulia kwa sauti nyingine. Nilisukuma mawe, nikaliinua bati la kwanza nikalitupa mgombani, la pili nikalitupa. Nikakanyaga kwenye boriti, si kwenye silingi, nikalifikia lile dirisha dogo tulilokata. Nikachana wavu, nikachana gunia kwa patasi. Hewa ya moto ikanipiga usoni, nzito, haina hata harufu ya kukuonya. Nikang'oa na ubao wa pembeni, nafasi ikatosha mtu.

Nikafumba macho.

Msicheke. Humo ndani kulikuwa na mwanamke katika uchungu. Kwetu mwanamume haoni hayo, hata mumewe haoni. Mtu aliyeona angelibeba jambo hilo mpaka kaburini, na yule mwanamke angelibeba pia, kila akikutana naye njiani. Nilikuwa nimekaa juu ya boriti, macho nimefumba, mvua inanipiga mgongoni, nimeogopa kufa na nimeogopa kuona, na sijui kipi kilizidi. Nikaita chini kwamba nimefika, nifanye nini. Elia hakujibu, alikuwa bado anapigana na mlango. Aliyejibu ni Ma Eunike.

"Ingia, mwanangu," akasema. "Leo huna macho."

Nikajiachia. Mguu wa kushoto ukatua kwenye ukingo wa chungu cha makaa. Kovu ninalo mpaka leo, atakaye kuona aje. Chungu kikapinduka, maji ya mvua yakadondokea humo, yakachemka. Niliinama, nikabana pumzi kama mtu anayepiga mbizi ziwani, nikaenda kwa mikono. Chumba kile nilikipima mwenyewe siku iliyotangulia kwa ajili ya silingi. Nilijua ukuta uko wapi na mlango uko wapi. Miguu yangu ikakuta mtu amelala pale mlangoni. Ni Ma Salome, naye alikuwa amekwenda kufungua akaishia hapo. Nikamshika kwapani, nikamburuta kando, nikapapasa komeo. Lilikuwa jipya, limekaza. Nililivuta nikiwa na hasira na kila mtu duniani anayependa vitu vipya. Likatoka. Elia akaanguka ndani pamoja na mlango.

Nilitambaa nikatoka, nikageukia migomba, nikafumbua macho huko. Wapo wanaoniuliza mpaka leo, huku wakikonyeza, kama kweli sikuchungulia. Nawaambia waende zao.

Elia na mama yake waliwatoa wote wawili wakawalaza kwenye nyasi, mvua ikawanyeshea usoni. Ma Salome alikohoa, akatapika, akaanza kulia akimwita dada yake. Damari alikuwa anapumua, lakini kwa mbali sana, na Ma Eunike aliweka kiganja chake juu ya tumbo lake, akakiacha pale, na uso wake sitausahau. Alikuwa anangoja kitu kimguse mkono. Hatukuambiwa kama kilimgusa. Wanawake wa jirani walikuja, wakambeba Damari mpaka kwenye msonge wa zamani, nasi tukabaki nje.

Sikujua nifanye nini na mwili wangu. Nikakaa. Rajabu alinitazama, akaniuliza kwa nini nimekaa, mapenu hayajaisha. Nilidhani amepata wazimu. Lakini alikuwa anachomoa yale majani moja moja, na mimi nikaona afadhali kufanya kazi kuliko kungoja mikono mitupu. Alinikataza nyundo. Tulitumia keekee kutoboa na bisibisi kukaza wavu, polepole, kwa sababu tulitaka kusikia. Elia alisimama mvuani akiutazama msonge. Moshi wa moto wao wa kuchemshia maji ulikuwa unapenya kwenye nyasi paa zima, kwa utulivu, kama ulivyokuwa ukifanya tangu kabla hajazaliwa.

Hatukusikia kitu. Mvua ikakoma, ndege wakarudi, na bado hatukusikia kitu. Nilitoboa tundu moja mara mbili. Rajabu alikuwa anasoma dua kwa midomo tu, na mimi niliomba kwa namna ya kwetu, na sidhani kama kule juu walitutenga mafungu.

Kisha Ma Eunike akatoka msongeni. Mikono yake ilikuwa imelowa mpaka kwenye viwiko. Hakumtazama mwanawe. Alitembea mpaka chini ya ngazi yetu, akasimama, akatutazama.

"Mmefika wapi?" akauliza.

Rajabu akamjibu kwamba upande wa chini bado kidogo, na mabati ya juu hayajarudishwa.

"Fanyeni haraka, waitu," akasema, neno letu la heshima. "Nina watu wawili wa kuwaingiza humo."

Elia alikaa chini pale pale kwenye tope, akalia kama mtoto, na hakuna aliyemzuia. Mimi nilijifanya natafuta msumari.

Damari na mtoto wake walibaki msongeni mpaka tulipomaliza. Tulirudisha mabati juu ya mbao zake, tukaweka bati la kukinga, tukatengeneza silingi niliyoivunja, na kioo kikafika tukatia dirisha. Siku ya mwisho Rajabu alitoa kopo lake, akaanza kulijaza majani. Ma Eunike akalichukua mikononi mwake. Alikwenda mwenyewe kwenye lile rundo la majani aliyokuwa akisindilia, akachagua yenye unyevu, akayawasha kwa kaa kutoka msongeni, akaliweka kopo katikati ya sakafu, akafunga mlango. Sisi mafundi tukasogea pembeni. Hapakuwa na kazi yetu tena pale.

Alisimama chini ya mapenu, shingo ameinua, mikono ameshika nyuma. Kwanza hapakuwa na kitu. Nilimwona anakaza midomo. Kisha uzi mmoja wa moshi ukatoka kwenye wavu wa kwanza, ukafuata wa pili, na juu kule ukutani ukaanza kupenya moshi mwembamba kwa urefu wote wa paa. Ma Eunike akainua mkono, akauweka ndani ya moshi ule, akauacha hapo mpaka machozi yakamtoka, na ya moshi na yasiyo ya moshi, sikuuliza.

Akageuka kuelekea msonge.

"Waleteni," akasema.